Gome la mti wa matunda likiharibika: soma dalili, pata chanzo, kisha tibu

Mti wa matunda unaweza kukaa na majani mabichi kwa miezi mingi baada ya kuvuliwa gome pande zote, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Maji hupanda kutoka mizizini kupitia mbao iliyo ndani ya shina, lakini chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kupitia gome la ndani, utando mwembamba wenye unyevu ulio chini ya ganda kavu. Pete ya gome hilo ikikatika, majani huendelea kunywa huku mizizi ikifa njaa polepole. Yanapoanza kupauka, mizizi huwa imekwisha kula akiba yake.

Kwa hiyo usianze na dawa. Anza na maswali mawili: ni sehemu gani ya mzunguko wa shina bado ina gome hai, na je, kilicholiharibu bado kinaendelea?

Pima kabla ya kupaka chochote

Unahitaji kisu chembamba chenye makali, utepe wa kupimia wa kitambaa, chaki, waya laini wa urefu wa kama sentimita 30, na spiriti ya asilimia 70 ya kufutia kisu. Klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji, nayo inafaa, ila hula chuma. Suuza kisu na ukipake mafuta kidogo ukimaliza.

Gonga shina kwa mpini wa kisu, kuanzia pale gome linapoonekana zima kuelekea penye jeraha. Gome lililoshikamana na mbao hutoa sauti iliyojaa. Lililoachana nayo hulia kama debe tupu. Weka alama ya chaki pale sauti inapobadilika. Kisha, kwenye alama hiyo, kwangua ganda la nje tu, dirisha dogo lisilozidi ukucha wa kidole gumba, hadi uone rangi ya ndani:

- Kijani, cheupe au rangi ya krimu, na kuna majimaji: hai.
- Kahawia, kavu, linavunjika kama karatasi iliyoungua: limekufa zamani, na huenda chanzo kimeshapita.
- Kahawia ya machungwa au nyekundu, lenye unyevu, lenye mpaka unaoonekana wazi kati yake na gome zima: ugonjwa unaendelea kutembea.

Futa kisu kwa spiriti kila unapohama kutoka dirisha moja hadi jingine. Kisu kilichotoka kwenye gome bovu hupeleka vimelea kwenye gome zima.

Zunguka shina lote hivyo, ukichora mpaka wa gome hai kwa chaki. Pima mzingo wa shina, kisha upana wa sehemu iliyokufa. Shina la mzingo wa sentimita 40 lililopoteza upana wa sentimita 14 limepoteza asilimia 35 ya njia yake ya chakula. Urefu wa jeraha kwenda juu na chini si hoja kubwa. Upana ndio unaoua. Ukiwa na jeraha upande wa mashariki karibu na ardhi na jingine upande wa magharibi nusu mita juu yake, jumlisha upana wa yote mawili, kwa sababu chakula hushuka karibu wima na hakipindi kirahisi kutafuta njia.

Chini ya robo ya mzunguko, mti wenye afya hujifunga wenyewe. Kati ya robo na nusu, mara nyingi huishi, ila matawi yaliyo juu ya jeraha yanaweza kudhoofika. Zaidi ya nusu, maisha yake yako hatarini. Pete nzima ikiwa imekwisha, mti utakufa usipounganishwa upya.

Jeraha liko karibu na ardhi

Sentimita 30 za chini ndizo zinazoumia zaidi, na sababu zake ni nyingi kuliko mahali pengine popote kwenye mti.

*Mikwaruzo iliyonyooka, ya urefu mmoja kutoka ardhini, mara nyingi zaidi ya mmoja.* Hiyo ni mashine ya kufyekea nyasi, jembe au panga. Gome huchanika kwa pembe zilizochongoka na mbao ya ndani huonekana safi, bila rangi ya ugonjwa. Uzi wa nailoni wa mashine ya kufyekea una hila yake: kwenye mti mchanga huponda gome la ndani bila kupasua ganda, na unaona tu weusi kidogo. Gonga na ukwangue, usiamini macho. Dawa yake ni kuondoa nyasi kwa mkono katika duara la nusu mita kuzunguka shina.

*Alama za meno.* Panya huacha mifereji midogo, myembamba, iliyopishana ovyo, na hupenda kufanya kazi chini ya matandazo au majani makavu ambako hawaonekani. Sungura huacha alama pana zaidi, na vitawi vidogo hukatwa mshazari safi kama kwa kisu. Mbuzi huanza kwa meno ya chini na kuvuta juu, hivyo gome hutoka kwa vipande virefu kuelekea matawini. Ukiona mbao safi, nyeupe, hakuna ulimbo wala unga, tafuta mnyama, si ugonjwa. Kinga ni wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6, ukiwa umezikwa sentimita 5 hadi 10 ardhini na kuachwa mbali na shina, usiliguse. Kwa mbuzi wavu huo hautoshi, anahitaji uzio.

*Vichuguu vya udongo vinavyopanda juu ya gome.* Ni mchwa. Kabla ya kuwalaumu, bomoa udongo na ukwangue chini yake. Mara nyingi wanakula ganda lililokufa tu, na gome la ndani ni bichi. Hapo inatosha kupangusa vichuguu na kusogeza matandazo. Lakini kwenye mche mchanga, hasa uliopata kiu, wanaweza kula gome bichi na kuzunguka shina lote. Usipake oili chafu ya injini. Inawafukuza mchwa kweli, lakini hupenya kwenye gome changa na kuua kile unachotaka kukilinda.

*Gome lenye unyevu, rangi iliyokolea, linalotoa ulimbo au majimaji, bila tundu lolote.* Hapa tulia, kwa maana hii ndiyo dalili inayotibiwa vibaya kuliko zote. Huenda ni uozo wa shingo ya mti, unaosababishwa na vimelea vya Phytophthora, viumbe wanaofanana na kuvu, waishio udongoni na kuogelea ndani ya maji. Kwenye michungwa na milimau ulimbo wa rangi ya asali hutoka, kisha mvua huuosha, na mtu akija baada ya mvua huona ufa wa wima tu na kudhani ni jua. Kwenye mparachichi majimaji hukauka na kuacha unga mweupe kama sukari. Kwangua: gome la ndani litakuwa kahawia au jekundu, na mpaka wake na gome zima utaonekana kama mstari uliochorwa.

Kwenye mchungwa uliobebeshwa, angalia kiungo cha kubebeshea, pale aina ya tunda ilipounganishwa na shina la mti mwingine. Gome la mchungwa mtamu na la mlimau ni dhaifu mbele ya Phytophthora, wakati mashina mengi yanayotumika chini yake, kama mdanzi (mchungwa mchungu) na mchungwa wa majani matatu, huhimili. Kwa hiyo uozo unaoanza juu ya kiungo na kukoma ghafla penye kiungo ni ushahidi mzito. Pia unakuonyesha kosa lilipo: kiungo kimefukiwa, au udongo na matandazo vimerundikwa hadi kukigusa, au maji ya kumwagilia husimama pale. Kiungo kinatakiwa kikae angalau sentimita 15 juu ya udongo.

Matibabu huanza kwa jembe. Ondoa udongo na matandazo hadi uone mizizi mikubwa ya kwanza inapoanza kutanuka, halafu uache wazi ili pakauke. Sogeza bomba la kumwagilia lisirushe maji kwenye shina. Kwa kisu safi, kata gome bovu hadi upite mpaka wa kahawia kwa sentimita 1 hadi 2 ndani ya gome zima, okota vipande vyote, kisha acha jeraha likauke kwa siku moja. Baada ya hapo paka uji wa Bordeaux. Kwa kiasi kidogo: yeyusha gramu 100 za mrututu (salfeti ya shaba) katika nusu lita ya maji, katika chombo kingine koroga gramu 100 za chokaa iliyozimwa katika nusu lita, mimina vyote viwili pamoja kwenye chombo cha tatu huku ukikoroga. Tumia vyombo vya plastiki au vya mbao, kwa sababu mrututu hula chuma. Chovya msumari safi kwa dakika moja: ukitoka na wekundu wa shaba, ongeza chokaa, la sivyo utaunguza gome. Vaa glavu na miwani, na utumie uji huo siku hiyohiyo. Zipo pia dawa za fosfonati zinazopakwa au kupuliziwa, nazo hufanya kazi vizuri kwenye mparachichi. Fuata kipimo cha lebo. Lakini usipotoa udongo kwenye shingo ya mti, hakuna dawa itakayodumu.

Mbolea ya chumvichumvi iliyomwagwa ikigusa shina, na dawa ya magugu iliyorukia gome la kijani la mche, nazo huua gome la chini. Dalili yake ni ukavu upande mmoja tu, ule uliomwagiwa, bila ulimbo mwingi na bila mpaka unaosogea.

Kuna matundu au unga

Pima tundu kwanza, kwa maana ukubwa wake unataja mdudu.

Tundu dogo kuliko milimita 1, mara nyingi mengi, lenye doa la maji au kilima kidogo cha unga mweupe kwenye mparachichi: ni mbawakavu wadogo sana wanaolima kuvu ndani ya mbao. Waya haufiki na dawa ya kupulizia haiwapati, kwa sababu hawali mbao bali kuvu yao, na kuvu hiyo ndiyo inayoziba njia za maji na kukausha tawi. Kata tawi lililoathirika, ulisage vipande visivyozidi sentimita 2.5 au ulichome panaporuhusiwa. Usilibebe kama kuni kulipeleka kwingine.

Matundu ya milimita 1 hadi 2, yamesambaa kama yaliyopigwa kwa risasi ndogo, na chini ya gome kuna mifereji: mbawakavu wa gome. Hawa kwa kawaida huja kwenye mti ambao tayari umechoka. Upe mti maji, tafuta kilichouchosha, na uondoe matawi yaliyokufa.

Tundu la unene wa penseli hadi kidole, na chini yake kuna nyuzinyuzi za mbao au vidonge vya kinyesi: ni funza mkubwa wa mbawakavu mwenye papasi ndefu, anayependa miembe na mitini. Yeye hubungua ndani kabisa. Ingiza waya wenye ncha iliyopindwa kidogo, sukuma hadi uhisi kitu laini, zungusha na uvute. Fagia unga wote chini, ziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi, na urudi baada ya siku tatu. Unga mpya ukionekana, bado yuko hai. Kipimo hicho ni rahisi na hakidanganyi, kwa maana unga wa zamani unaweza kubaki kwenye gome miezi mingi baada ya mdudu kuondoka.

Utando wa hariri uliochanganyika na kinyesi juu ya gome, hasa kwenye pembe za matawi: ni kiwavi anayekula gome usiku na kujificha mchana kwenye kitundu kifupi. Pangusa utando, mtafute tunduni kwa waya.

Ulimbo unatoka, tundu halionekani

Ulimbo wenyewe si ugonjwa; ni jibu la mti kwa jeraha. Usikurupuke. Ukamue kwa kidole na uutazame kwenye mwanga. Ukiwa na chembe za unga wa mbao ndani yake, kuna mdudu, hata kama tundu limefunikwa. Hivyo ndivyo funza wa mpichi anavyojulikana: ulimbo mchafu wenye unga, chini ya shina. Ukiwa safi kama kioo, fikiria jeraha la kawaida, mti uliokaa na kiu kisha ukapata maji mengi ghafla, au ugonjwa.

Ugonjwa wa kukausha matawi unaoletwa na kuvu wa Lasiodiplodia hutoa ulimbo kwenye mwembe na mchungwa, na gome juu yake huwa jeusi na kubonyea. Kata tawi dogo lililo jirani na utazame uso wa mkato: kabari ya kahawia au nyeusi inayoelekea katikati ya mbao ni alama yake. Kata sentimita 15 hadi 20 chini ya mwisho wa weusi, na uangalie mkato mpya; bado una weusi, shuka tena. Kuvu huyu hungoja mti uliopata kiu au uliopunguzwa vibaya, hivyo kukata bila kumwagilia ni nusu ya kazi.

Ukiona ukoko wa rangi ya waridi juu ya gome, baada ya majuma ya mvua na ukungu, huo ni ugonjwa wa waridi. Kata tawi na uache hewa na jua viingie kwenye kitovu cha mti.

Upande mmoja tu umekauka

Jua hupiga upande wa alasiri. Kaskazini ya dunia huwa kusini-magharibi, kusini ya dunia kaskazini-magharibi, na karibu na ikweta ni magharibi pamoja na mgongo wa matawi yaliyolala. Gome hupauka, hukauka, kisha hupasuka na kumenyuka, bila ulimbo mwingi na bila harufu. Uliza kilichobadilika: je, mti ulipunguzwa sana majuma machache yaliyopita, au mti jirani uliokuwa ukiutia kivuli umekatwa? Gome lililozoea kivuli haliwezi kuhimili jua kali ghafla. Paka rangi nyeupe ya maji ya ukutani, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwenye shina na migongo ya matawi. Rangi ya mafuta ni marufuku.

Upande ulioelekea mahali palipochomwa takataka au nyasi huonyesha dalili hizohizo, ila baada ya majuma au miezi. Gome linaweza kuonekana zima huku chini yake limekufa. Pima kwa kugonga.

Mstari unaozunguka shina kama mshipi

Uvimbe juu ya mstari na wembamba chini yake ni kubanwa: kamba ya kuegemeza, lebo ya kitalu, utepe wa kubebeshea ambao haukuondolewa, waya wa uzio. Uvimbe ni chakula kilichozuiwa njiani. Kata kamba palepale. Kipande kilichokwisha kumezwa na gome usikivute kwa nguvu. Kikate sehemu mbili tatu ili kisibane na ukiache. Wakati mwingine mti uliobanwa hutoa maua mengi nje ya msimu na watu hufurahi. Maua hayo yanaweza kuwa ya kuaga.

Magamba na madoa yasiyo na kosa

Mpera huvua gome lake kwa vipande vyembamba na kubaki laini wenye mabaka, ndivyo ulivyo. Gome la mwembe mzee hupasukapasuka. Madoa ya kijivu na kijani ya laikeni hukaa juu ya ganda bila kunyonya mti. Kwangua: chini ni kijani, basi uache. Mchungwa wa zaidi ya miaka sita, wenye magamba makavu yanayotoka mbali na ardhi pamoja na ulimbo, ni jambo jingine. Huenda una kirusi cha sorosisi. Hauna tiba, na kosa kubwa ni kuchukua vikonyo (vijitawi vya kubebeshea) kutoka mti huo.

Kutibu jeraha lenyewe

Gome lililobanduka saa chache zilizopita na bado lina majimaji linaweza kushika tena. Lirudishe mahali pake, lipigilie misumari myembamba ya sentimita 2 au ulifunge kwa utepe, funika kwa kitambaa chenye unyevu na plastiki juu yake, na ukinge na jua. Fungua baada ya majuma mawili. Lililokwisha kukauka halirudi. Likate hadi penye gome lililoshikamana, uache ukingo laini usio na vipande vinavyoning'inia. Usipanue jeraha ili tu lipate umbo zuri.

Lami na rangi za vidonda usipake. Mtafiti wa misitu wa Marekani Alex Shigo alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba mti hauponi kama ngozi. Hujenga kuta kuzunguka sehemu iliyoumia na kuifungia ndani. Lami hufunika unyevu na haizuii uozo.

Pete ikiwa imekwisha, jenga madaraja, yaani vijitawi vinavyovuka jeraha kutoka gome hai la chini hadi la juu. Chukua vikonyo vya mwaka uliopita, ambavyo bado havijaanza kuchipua, vya aina ileile ya mti, unene wa milimita 6 hadi 10. Subiri wakati gome la shina linabanduka kirahisi. Chonga ncha zote mbili mshazari, ingiza ya chini chini ya gome hai la chini, na ya juu chini ya gome la juu, kila upande sentimita 3 hadi 5, kikonyo kikiwa kimepinda kidogo kama upinde ili upepo usikichomoe. Weka kimoja kila sentimita 5 hadi 7 kuzunguka shina, pigilia, ziba viungo kwa nta ya kubebeshea, na uvunje machipukizi yote yatakayotoka kwenye vikonyo. Kikipandwa kichwa chini hakifanyi kazi, hivyo tia alama ncha ya juu kabla ya kuchonga. Kwa mtufaa na mpeasi njia hii hufaulu vizuri. Kwa mwembe ni ngumu zaidi.

Mti mchanga uliopoteza pete nzima mara nyingi hauhitaji daraja. Kama jeraha liko juu ya kiungo cha kubebeshea na kuna gome hai kati yake na kiungo, ukate chini kidogo ya jeraha na ungoje chipukizi. Chipukizi likitoka juu ya kiungo, utapata aina ileile ya tunda. Likitoka chini yake, ni la shina mama, yaani ule mti wa chini uliobebeshewa, na inabidi libebeshwe upya.

Baada ya majuma sita rudi kwenye alama zako za chaki. Ukingo mnene wa gome jipya ukianza kuingia ndani ya mstari, chanzo kimekoma. Gome lililokufa likiwa limetoka nje ya mstari, ugonjwa au mdudu bado yupo, na uchunguzi unaanza tena kwenye mpaka huo mpya.